UZI: Wawindaji wa Afrika Magharibi na ngoma zao za vinyago, kutoka msitu wa Yoruba hadi mitaa ya Freetown

Mwana Mrima

Wakuu, salaam kwenu.

Picha za vinyago vya Afrika Magharibi zimepita sana humu, na kila mara mjadala unaishia usoni: mdomo umechongwaje, pembe ziko ngapi, Ulaya kinauzwa pesa ngapi. Leo nawaletea wawindaji, kwa sababu kwao uso ni sehemu ndogo ya habari. Kinyago cha mwindaji ni mzigo mzima anaoubeba mwilini: ngozi za wanyama, pembe, simbi, hirizi, vioo, miiba ya nungunungu, wimbo unaomtangulia na baruti inayolia nyuma yake. Ukichukua kichwa peke yake ukakifungia kwenye kabati la makumbusho, umebaki na kipande cha mti na jina la kijiji.

Naanza na Freetown, Sierra Leone, halafu nitapanda bara mpaka kwa Wamande wa Mali na Guinea. Mwenye swali asisubiri mwisho, adakie tu.

Mwana Mrima

Freetown ilijengwa na watu waliong'olewa kwao. Wa kwanza waliletwa kutoka London mwaka 1787, wakafuata watu weusi wa Nova Scotia, Kanada, mwaka 1792, kisha Wamaroon, wazao wa watumwa waliotoroka huko Jamaika, mwaka 1800. Uingereza ilipopiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807, manowari zake zikaanza kukamata meli za watumwa baharini na kuwateremsha mateka hapo hapo Freetown. Kwa zaidi ya nusu karne waliteremshwa makumi ya maelfu. Wayoruba, watu wa kusini-magharibi mwa Nigeria ya leo, walikuwa wengi sana kati yao, hasa miaka ya 1820 na 1830, wakati dola yao ya Oyo ilipokuwa inabomoka kwa vita na kila kundi la wavamizi lilikuwa na wateja pwani.

Wengi mtakuwa mnamjua Samuel Ajayi Crowther. Alitekwa kijijini kwao mwaka 1821 akiwa kijana mdogo, meli aliyopakiwa ikakamatwa mwaka 1822, akateremshwa Freetown, akasoma, na mwaka 1864 akawa askofu Mwafrika wa kwanza wa Kanisa la Anglikana. Yeye historia imemwandika. Lakini meli zile zile zilileta pia watu waliomtumikia Ogun, mungu wa chuma, na waliojua maghani ya wawindaji kwa moyo. Hao hawakuandikwa sana. Walichoacha ni chama.

Mfikirieni mtu aliyeteremshwa pale. Hana baba, hana mjomba, hana shangazi wa kumlilia akifa, na jirani yake katoka nchi ambayo hajawahi kuisikia. Kwao Yoruba chama cha wawindaji kilikuwa na kazi nyingi kuliko kuua wanyama. Wawindaji ndio walikuwa walinzi wa usiku. Vita vikija, wao ndio wanaojua njia za msituni. Wana kiapo mbele ya chuma cha Ogun. Mwenzao akifa wanakesha na kumghania iremoje, maghani ya matanga, na kumfanyia kafara inayomtenga rasmi na chama cha walio hai ili asirudi kuwasumbua waliobaki.

Chama cha namna hiyo ndicho walichokisimamisha upya mjini Freetown na katika vijiji walikopangiwa makazi, kama Hastings na Waterloo. Kikawa chama cha kuzikana na cha kusaidiana, na aliyefika bila ukoo akapata ndugu wa kiapo. Mimi nikisoma habari za vinyago hivi siwezi kuanza na urembo. Naanza na hilo la kuzikana.

Ngosha wa Magu

Mkuu umenigusa. Huku kwetu Usukumani tuna Bununguli, chama cha wawinda nungunungu. Wana nyimbo zao, wana dawa zao, na wana unyago wao wa kuingia. Kuna Bayeye pia, wa nyoka, hao kila mtu amewahi kuwaona wakicheza na chatu. Nungunungu siku hizi wamebaki wachache lakini nyimbo zipo. Swali langu: hao wa Freetown wanawinda kweli, au jina tu?

Mwana Mrima

Ngosha, asante kwa hiyo ya Bununguli, na ukipata nafasi uifungulie uzi wake.

Milima iliyo nyuma ya Freetown ilikuwa msitu, na watu wa vijiji vile waliwinda kweli. Leo mji umepanda milima na wanachama wengi ni makarani, mafundi, walimu, mabaharia. Mawindo yaliyobaki ni ya mtaani, na ndiyo ngoma yenyewe.

Inavyokwenda ni hivi. Siku ya kutoka, mara nyingi Krismasi, Mwaka Mpya au Pasaka, wazee hutangulia kuwamwagia wahenga kinywaji na kuwaombea wanachama waliofariki. Kisha mvaa kinyago anatoka. Kwa Kikrio, lugha ya Freetown, anaitwa debul. Amevaa joho zito la nguo ngumu lililoshonewa ngozi, simbi, vibuyu, miiba ya nungunungu na vioo, na kichwani kuna mnyama wa kuchonga, pengine fuvu au pembe halisi. Mbele yake wanakwenda wawindaji wenye bunduki, na pembeni yupo anayebeba dawa za kumtuliza au kumchochea. Nyimbo ni za kupokezana: anayeongoza anatupa mstari, umati unaudaka, na ndani ya Kikrio mtasikia maneno ya Kiyoruba yaliyokaa mdomoni kwa karibu miaka 200.

Anacheza vipi? Hachezi kwa mapozi. Anachutama, ananyata, anasimama ghafla kama amesikia tawi limevunjika, halafu anaruka kuelekea watu na watu wanatawanyika. Hapo ndipo huwezi kusema nani anawinda nani. Mwindaji amevaa wanyama aliowaua, anatembea kama wao, na wenzake wenye bunduki wanamzunguka kama wanaozunguka windo. Umati ndio msitu. Hakuna kabati la kioo linaloweza kuonyesha hilo.

Mchonga Mpingo

Nimesoma kwa makini, maana mimi ni mchongaji na nimekulia kwenye mapiko, vinyago vya Wamakonde, huko Newala. Kwetu lipiko hachezwi bila ngoma na hakuna anayetaja jina la aliyevaa, kwa hiyo hoja yako ya kwamba kichwa pekee hakitoshi naikubali kabisa. Lakini mkuu usitudharau wachongaji. Kichwa kibaya kinaharibu ngoma nzima. Huko Yoruba nani anachonga?

Mwana Mrima

Mchonga, siwadharau hata chembe, na umefanya vizuri kuuliza Yoruba kwenyewe.

Abeokuta, mji wa Wayoruba, na maeneo ya jirani kuna egungun za wawindaji, na moja inaitwa Layewu. Egungun, kwa asiyejua, ni mhenga anayerudi kutembelea watu akiwa amefunikwa nguo kutoka utosini hadi nyayoni. Layewu ni mhenga mwindaji, basi hafunikwi kwa vitambaa vya fahari kama wengine. Nguo yake imejaa ngozi, manyoya ya wanyama na vibuyu vidogo vya dawa. Kichwa ndipo fundi anapoonyesha kazi. Mwindaji mkuu wa zamani alinyoa kichwa akaacha shungi moja refu linaloangukia upande, na dawa ikawekwa mahali nywele zinapoota. Mchongaji anaichonga ile shungi ikiwa imelala begani, na kuizunguka anaweka vibuyu na zana za porini. Mtu wa kule akiiona kutoka mbali anajua aliyekuja ni mwindaji kabla ya kusikia ngoma. Abeokuta ilikuwa na familia za wachongaji walioheshimika sana kwa kazi hizi, ya Adugbologe ikiwa maarufu kuliko zote.

Na usisahau ijala. Ni maghani ya wawindaji, ya kumsifu Ogun, ya kusifu ukoo, na hasa ya kuwasifu wanyama wenyewe. Tembo anaghaniwa, nyati anaghaniwa, nyani anaghaniwa na tabia zake zote, kwa sauti ya kuvuta inayotoka kooni na puani. Mwindaji anamjua mnyama kuliko anavyomjua shemeji yake. Mimi naamini ukisikiliza ijala kwanza ndipo utaelewa kwa nini kinyago cha mwindaji kinatembea kama kinavyotembea.

Zawadi_K

Samahani kaka Mwana Mrima, kila sehemu nasoma mwindaji, mwindaji. Wanawake wako wapi kwenye sanaa hizi? Au ni kupika tu na kukimbia debul akipita?

Mwana Mrima

Dada Zawadi, hapana. Twende Mali.

Mkoa wa Ségou, kando ya mto Niger, kuna ngoma ya wanyama inaitwa sogobo. Si ya chama cha wawindaji bali ya vijana wa kijiji, na asili yake inadaiwa na wavuvi wa Kibozo. Ngano yao inasimulia mtu aliyechukuliwa na majini wa porini, akakaa nao, akajifunza ngoma za wanyama, kisha akarudi nazo nyumbani. Kwa hiyo hata kwa wavuvi elimu ya vinyago imetoka porini.

Wanyama wa sogobo ni wakubwa: nyati, simba, fisi, tembo. Mwili ni jukwaa la fito lililofunikwa nyasi au nguo, na vijana wamejificha chini wakilibeba. Mbele kinatoka kichwa cha mti kinachoinuka na kushuka kwa fimbo, na mgongoni wanachomoza wanasesere wadogo. Sasa, kila mnyama ana wimbo wake, na anayeuongoza ni manju mwanamke akijibiwa na kundi la wanawake. Asipouanza, mnyama hachezi. Nyimbo hizo zimejaa sifa za wawindaji na mashujaa wa kale. Sherehe ya vinyago na wanasesere ya Markala, mji wa mkoa huo, iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014.

Nikwambie ukweli, ningependa zaidi kusikia majina ya wale manju wanawake kuliko majina ya vinyago. Vitabu vimehifadhi ya pili vizuri kuliko ya kwanza.

Mchonga Mpingo

Na wawindaji wa Mali wenyewe, wale wanaopigwa picha na mashati yenye vioo? Sijawahi kuona wamevaa kinyago.

Mwana Mrima

Hujawahi kuona kwa sababu hawavai. Hapo umefika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Hao ni donso. Wapo Mali, Guinea, Ivory Coast na Burkina Faso. Kinyago kizito cha Mande, kile cha chama cha kòmò chenye taya la fisi au mamba na pembe zilizojaa dawa, ni cha wahunzi. Donso ana shati.

Kijana anapoingia chamani shati lake ni pamba iliyofumwa kwa mkono, limetiwa rangi ya udongo au majani, na halina kitu. Miaka inapokwenda linajaa. Anaua, anaongeza ukucha, pembe, kipande cha ngozi. Anajifunza dawa, anaongeza hirizi iliyoshonewa ndani ya ngozi. Wamande wanaamini mnyama akiuawa hutoka nguvu inayoweza kumrudia muuaji na kumharibu, na asiye na elimu ya kuikabili hawezi kuishi muda mrefu katika kazi hiyo. Shati linakuwa hati yake: kila mwenye macho anasoma amewinda nini na amejifunza kwa nani. Shati la bingwa linakuwa zito na jeusi, na akiingia uwanjani usiku na vioo vikashika mwanga wa moto, humwoni mtu. Unaona pori limeingia kijijini. Huhitaji kinyago juu yake.

Kuna jambo jingine. Jamii ya Mande imegawanyika kwa kuzaliwa: waungwana, wahunzi, majeli ambao ni waghani wa kurithi, na wazao wa watumwa. Ndani ya chama cha donso mgawanyo huo unawekwa mlangoni. Mkubwa ni aliyetangulia kuingia, awe mtoto wa mtumwa au wa chifu. Wote ni watoto wa Sanene na Kontron, mama na mwana ambao ndio mizimu ya uwindaji, na kafara zao hutolewa njia panda. Nikiweka hili kando ya Freetown, ambako watu wasio na ukoo walifanywa ndugu kwa chama cha wawindaji cha namna hiyo, naona kwa nini watu walikibeba hata kuvuka bahari.

Waghani wao pia si lazima wawe majeli wa kuzaliwa. Anaitwa sora, na yeyote mwenye kipaji akijifunza anaweza kuwa. Anapiga donso ngoni, kinanda cha buyu kubwa chenye nyuzi sita na bati la kulia lililofungwa juu kwenye mti. Mwenzake anakwaruza chuma, na mwingine kazi yake ni kuitikia "naamu" kila mstari unapokwisha. Seydou Camara, aliyefariki mwaka 1983, ndiye sora aliyejulikana zaidi nje ya Mali. Mwaka 1968 alirekodiwa akighani utenzi wa Kambili, shujaa mwindaji, na kwao alizaliwa mhunzi.

Akifa bingwa, baada ya maziko hufanyika kesha kubwa. Sora anaghani matendo ya marehemu, wawindaji wanaigiza mawindo, magobori yanalia. Kuna ngoma inaitwa Janjon ambayo hairuhusiwi kuchezwa na yeyote tu. Anayeinuka kuicheza awe amefanya jambo la kuthibitika, vinginevyo anajiletea balaa mbele ya watu.

Abu Rayyan

Assalaam aleikum. Uzi una elimu, sikatai. Lakini ndugu Mwana Mrima, unaupamba ushirikina. Kafara njia panda, kumwagia wafu pombe, dawa ndani ya pembe. Muislamu asomaye hapa anufaike na nini?

Mwana Mrima

Waaleikum salaam, sheikh wangu. Umeuliza kwa adabu nami nikujibu kwa adabu.

Donso wengi leo ni Waislamu. Hirizi nyingi kwenye mashati yao zina aya za Kurani zilizoandikwa na walimu wa huko, ndizo zilizoshonewa ndani ya ngozi. Freetown nako, Waislamu wa asili ya Yoruba wa mtaa wa Fourah Bay walibishana wenyewe kwa wenyewe kwa vizazi kama mtu anaweza kuwa mwanachama wa egungun au wa chama cha wawindaji na bado akasimama safu ya kwanza msikitini. Wengine walijitoa. Wengine walibaki kwa sababu ndicho kilichomzika babu. Swali lako wamelibeba watu wa huko kwa uzito kuliko sisi, na sioni haki ya kuwajibia. Ninachoweza ni kueleza wanachofanya bila kukipunguza.

Mzee Kaniki

Vijana, mimi nakumbuka habari za redio miaka ya tisini. Kamajor. Walikuwa wawindaji pia, na hirizi hizo hizo, na walifanya mambo mazito. Mbona hujagusa?

Mwana Mrima

Shikamoo mzee. Nilikuwa nafika huko.

Kamajor ni wawindaji wa Wamende (msiwachanganye na Wamande wa Mali) wa kusini na mashariki ya Sierra Leone. Katika vita vya 1991 hadi 2002, jeshi liliposhindwa kulinda vijiji, walijipanga na wengi waliokoa watu wao. Kisha chama kikapanuliwa haraka. Vijana waliingizwa kwa maelfu, wakapewa joho la ronko, lile la kahawia lenye hirizi, wakaambiwa risasi haiwaingii. Vikosi hivyo vilikuja kuua raia, na viongozi watatu wakafikishwa Mahakama Maalumu ya Sierra Leone. Sam Hinga Norman, aliyekuwa naibu waziri wa ulinzi, alifariki Februari 2007 kabla ya hukumu. Moinina Fofana na Allieu Kondewa walitiwa hatiani mwaka huo huo.

Mzee, nalisema hili kwa uchungu. Shati la mwindaji hujaa kwa miaka, chini ya bwana anayekufundisha lini usiue: mnyama mwenye mimba, mtu aliyejisalimisha. Pale shati lilitolewa likiwa limeshajaa, kwa kijana ambaye hakufundishwa hayo. Sisemi mila isingeweza kuzaa ubaya yenyewe. Mwindaji alikuwa askari tangu zamani. Lakini aliyevaa ronko kwa juma moja na aliyelijaza kwa maisha yake yote hatuwezi kuwahesabu pamoja. Mali nako, katika vita vya sasa vya katikati ya nchi, makundi yanayojiita ya wawindaji yametuhumiwa kuua Wafulani, na donso wa vijiji vingine wanaumia kuona vazi lao kwenye picha hizo.

Ngosha wa Magu

Na vijana wa Freetown leo? Bado wanatoka?

Mwana Mrima

Wanatoka sana. Kuanzia katikati ya karne ya 20 vijana wa makabila yote, Watemne, Walimba, Wamende, waliunda vikundi vyao vinavyoitwa Ordehlay, kwa kuchanganya egungun na wawindaji. Majina yake hayafanani na ya wazee: Firestone, Bloody Mary, Paddle. Upande mmoja wa sanaa yao ni ukali wa wawindaji, pembe na miiba. Upande wa pili ni urembo wa nguo za kung'aa, shanga na mapambo ya dukani. Mafundi hushindana kuunganisha vyote viwili katika joho moja. Miaka ya 1970 walisindikizwa na milo jazz, muziki uliopewa jina la kopo la Milo lililotiwa kokoto, na Dr. Oloh ndiye aliyekuwa bingwa wake. Wanasiasa waliwafuata vijana hao kwa pesa na kura, na polisi waliwafungia mara nyingi kwa ajili ya fujo. Mwaka 2014 Ebola ilipofanya serikali itangaze hali ya hatari na kuzuia mikusanyiko, mitaa ilinyamaza. Baadaye wakarudi.

Kishoka

Wakuu, mimi Desemba nitakuwa Banjul, Gambia, kikazi. Huko nitakuta chochote?

Mwana Mrima

Utakuta, na umechagua mwezi mzuri. Banjul ilianzishwa mwaka 1816, na baadhi ya waliokombolewa kwenye meli za watumwa walihamishiwa huko kutoka Freetown miaka iliyofuata. Wazao wao wanaitwa Aku. Walikwenda na chama chao cha wawindaji. Leo kina watu wa kila kabila na wakati wa Krismasi kinyago chake, ambacho huko wanakiita Hunting, yaani uwindaji kwa Kiingereza, hupita mitaani Banjul na Serekunda.

Usimchanganye na Kankurang, yule wa magome mekundu ya mti mwenye mapanga. Huyo ni wa jando la Wamandinka, UNESCO ilimtambua mwaka 2005, na akija watu wanaingia ndani. Wa wawindaji unaweza kumfuata, lakini kaa nyuma ya wapiga ngoma, usiingie kati yake na wenye bunduki. Kabla ya kupiga picha mwombe ruhusa mmoja wa wanaomsindikiza, na uwe na pesa ndogo ndogo mfukoni za kumtunza. Mwangalie yule anayebeba dawa pembeni, kwa sababu yeye ndiye anayeamua kinyago kiende wapi. Na kama utaweza kurekodi, rekodi sauti kwanza.

Kishoka

Nimekupata mkuu. Nikirudi nitapandisha sauti hapa hapa kwenye uzi.